Anataka kuwa rubani, sasa achukue masomo gani?

Msimu wa kuchagua masomo ukifika maswali yanakuja mfululizo na mengi yanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwa hivyo mwezi huu nimeamua safu yote iwe ya wale wanaotaka kuruka na wazazi wao. Mimi nafundisha graundi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, yaani yale masomo ya darasani ya marubani, na naona nani anasonga na nani anakwama, na anakwamia wapi. Majina nimeyatoa na barua ndefu nimezifupisha.

SWALI: Mwalimu hujambo. Kijana wangu yuko Gredi 9, tunakaa Umoja. Tangu akiwa mdogo ndege ikipita hapa juu lazima atoke nje aiangalie, na sasa anasema ni rubani, hakuna kingine. Jirani ananiambia nitafute shule yenye inafundisha somo la Aviation, bila hilo nisahau. Shule zenyewe ni chache na ziko mbali. Halafu hajui kama aende STEM ama Social Sciences juu jiografia anaipenda sana, sayansi haimsumbui lakini hesabu anapata za katikati tu. Nifanye nini? (Mama, Umoja)

JIBU: Mama, sijambo, na asante kwa kuuliza mapema, wengi huniuliza mtoto akishamaliza Fomu Foo.

Tuanze na hilo la jirani. Ni kweli somo la Aviation lipo, liko kwa orodha ya masomo ya kiufundi ndani ya STEM, ule mkondo wa sayansi, teknolojia, uinjinia na hesabu, na hata kwa mfumo wa zamani wa 8-4-4 lilikuwepo, shule kama Mang'u imelifundisha miaka mingi. Ni somo zuri, mtoto akilipata karibu na nyumbani alichukue. Lakini si mlango. Shule ya urubani inaanza na kila mtu kutoka sifuri, iwe alisoma Aviation iwe alisoma ushonaji: sheria za anga, hali ya hewa, navigesheni, jinsi ndege inavyopaa, injini na mitambo, mwili wa binadamu ukiwa juu, mawasiliano ya redio, kupanga safari na uzito. Mwanafunzi ambaye hakusoma Aviation namwona anawafikia wenzake ndani ya wiki chache tu. Mwenye hesabu dhaifu hiyo wiki chache haimtoshi, huyo ndiye napigana naye mwaka mzima. Kwa hivyo usimpeleke mtoto mbali na nyumbani kwa ajili ya jina la somo, angalia kwanza shule yenye mwalimu wa hesabu na wa fizikia wanaoingia darasani na maabara inayotumika.

Mkondo ni STEM. Hapo sina mjadala na nitakuambia sababu. Hesabu sasa imekuwa ya lazima kwa wote Senior School lakini ziko mbili, kuna Core Mathematics ya watu wa STEM na kuna Essential Mathematics ya mikondo mingine ambayo ni nyepesi zaidi. Mtoto anayetaka kuruka anahitaji ile ya kwanza. Zile za lazima ni nne, Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, hesabu, na ile ya kuhudumia jamii, halafu anachagua tatu zake mwenyewe. Kwa hizo tatu mimi ningesema fizikia iingie kabla ya kitu kingine chochote, halafu kemia, na ya tatu jiografia au kompyuta kulingana na shule inatoa mchanganyiko gani, juu shule nyingi haziwezi kutoa kila mchanganyiko na mtajikuta mnachagua kati ya vile vilivyopo. Kemia siiweki kwa sababu ya ndege, rubani anaihitaji kidogo sana, naiweka kwa sababu kijana wa Gredi 9 anaweza kubadilisha mawazo na akitaka uinjinia kesho asikute amefungiwa nje.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo umesema anapata za katikati na hapo ndipo nataka tukae.

Watu wanafikiri rubani anafanya hesabu ngumu za ajabu. Hapana. Ni hesabu za kawaida, uwiano, asilimia, pembe, kubadilisha vipimo, lakini anazifanya haraka, amechoka, redio inaongea, na hakuna mtu wa kumsahihishia. Darasani huwa nawapa kisa kimoja cha kweli. Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu ya Kanada, injini zote mbili zikazima. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Geji za mafuta zilikuwa mbovu, kwa hivyo wakapima kwa kijiti, wakakuta kwenye tangi kuna lita 7,682. Kubadilisha lita kuwa kilo unazidisha kwa karibu 0.8. Wao walizidisha kwa 1.77, ambayo ni ya kupata ratili, si kilo, kwa sababu ndege zao nyingi bado zilikuwa za ratili na hii mpya ilikuwa ya kilo. Wakapata 13,597, wakaona imebaki 8,703 kufikia 22,300, wakagawanya tena kwa ile ile 1.77, wakaongeza lita 4,917 na kuondoka. Hebu mwambie kijana achukue karatasi afanye hiyo hesabu vizuri kwa 0.8, atakuta ndege iliondoka na karibu kilo 10,000, chini ya nusu ya iliyohitajika, na ilipaswa kuongezwa zaidi ya lita 20,000. Kapteni Bob Pearson alikuwa pia mrushaji wa ndege zisizo na injini, akaitelezesha ile Boeing mpaka uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli na hakuna aliyekufa. Lakini angalia hiyo hesabu Mama, hiyo ni densiti, ni swali la sekondari mwanzo mwanzo kabisa, na watu wazima kadhaa wenye uzoefu waliipitisha.

Ndio maana alama za katikati hazinitishi, kinachonitisha ni mtoto anayekariri fomula bila kuuliza hii namba ni ya nini, kilo ama lita ama nini. Mzoeshe kuandika kipimo mbele ya kila namba. Mzoeshe kukadiria jibu kabla ya kushika kikokotoo. Mpe hii: ndege imeruka maili 30, rubani anachungulia chini anaona amepotoka maili 2 kutoka kwa mstari wake, amekosea digrii ngapi? Sisi tunatumia kanuni ya moja kwa sitini, maili 1 kando baada ya maili 60 ni kama digrii 1, kwa hivyo 2 kwa 30 ni sawa na 4 kwa 60, digrii 4. Mtoto wa Gredi 9 anaweza hiyo kichwani. Na ile mada ya longitudo na latitudo ambayo wanafunzi wa Fomu Foo wanaichukia na kuiruka kwenye KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, hiyo ni navigesheni tupu, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kama kilomita 1.85, digrii moja ni maili 60, na ndivyo tunavyopima ramani mpaka leo.

Fizikia nayo usiione kama somo la cheti. Nikupe mfano wa hapa hapa. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya vitabuni inaanza na nyuzi 15 pale baharini na inapoa kama nyuzi 2 kila futi 1,000 unazopanda, kwa hivyo kwa kimo cha Wilson kitabu kinatarajia nyuzi 4. Sasa chukua saa nane mchana mwezi wa pili, jua kali, kipimajoto kinasoma 26. Hizo ni nyuzi 22 zaidi ya kitabu. Kila nyuzi moja ya ziada tunaongeza kama futi 120 kwa kimo, 22 mara 120 ni 2,640, jumlisha na zile 5,500 unapita futi 8,100. Yaani ndege ndogo ya Cessna iko chini kwenye lami, haijasonga hata inchi, lakini injini inavuta hewa nyepesi ya futi 8,100, na mabawa hivyo hivyo. Itakula uwanja mwingi zaidi kabla ya kuinuka na itapanda polepole, na mwanafunzi ambaye asubuhi aliruka vizuri na nyuzi 14 akija mchana na ndege ile ile, tangi limejaa na abiria wawili, anaweza kufika mwisho wa uwanja bado anasubiri. Hiyo yote ni shinikizo, joto na densiti. Mtu aliyeielewa shuleni nikimwambia mara moja anashika. Aliyekariri tu ananiuliza "mwalimu hiyo fomula itakuja kwa mtihani?"

Jiografia anayoipenda asiiache kama shule inamruhusu. Mwezi wa saba asubuhi pale Wilson utaona marubani wamekaa wanakunywa chai wakingoja wingu la chini lipande, kwa sababu Nairobi msimu huo wa baridi wingu linalala juu ya mji mpaka saa tatu, saa nne, na milima ya Ngong haionekani, na anayeruka kwa kutumia macho hawezi kwenda popote. Kujua kwa nini hilo wingu linakuja, kwa nini masika yana mawingu mazito ya radi jioni, upepo unageuka lini, hiyo ni jiografia ya sekondari kisha sisi tunaiendeleza.

SWALI: Sasa mwalimu. Nilimaliza KCSE nikapata C+, niko Kawangware. Fizikia niliacha Fomu Thri juu shule yetu haikuwa na vifaa vya maabara, nikabaki na bayo na kemia. Hesabu C, Kizungu B. Mabeshte wananiambia nimejifungia urubani milele nirudie KCSE. Ni ukweli? (Kijana, Kawangware)

JIBU: Mdogo wangu, usirudie KCSE kwa sababu ya hilo. Kila shule ya urubani ina masharti yake ya kuingia, wengi wanaangalia hesabu na Kiingereza kwanza halafu fizikia au sayansi nyingine au jiografia, kwa hivyo andikia shule tatu nne uwaonyeshe alama zako zote na uombe jibu kwa maandishi, usiende na maneno ya mtu wa simu. Leseni yenyewe haitolewi na shule, inatolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, baada ya mitihani yao na majaribio ya kuruka, na mtihani unapima unachojua siku hiyo.

Lakini sitakudanganya kwamba fizikia umeikwepa. Utaikuta mbele, ndani ya karibu kila karatasi. Habari nzuri ni kwamba huihitaji yote. Tafuta vitabu vya Fomu Wani mpaka Foo, vya mtumba vinatosha, na usome haya: shinikizo la hewa na la maji, densiti, nguvu na mwendo hasa sheria za Newton, mwendo wa mduara, joto na gesi, umeme wa kawaida wa betri na saketi, na sumaku. Sumaku usiipuuze kwa sababu dira ya ndege inategemea hiyo na dira ina tabia zake, ukipiga kona inakupa namba isiyo kweli kwa muda na lazima ujue itadanganya upande gani. Mambo ya atomi na mionzi acha kabisa. Ukisoma kila siku saa moja, miezi mitatu utakuwa umefika mahali pazuri, na kama kuna mwalimu wa fizikia mtaani wa kukufafanulia mara moja kwa wiki mlipe, hiyo pesa haipotei.

Halafu hiyo B ya Kizungu mbona umeiandika mwisho kama kitu kidogo? Redioni tunaongea Kiingereza na ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linataka rubani wa safari za kimataifa awe angalau kiwango cha 4 kati ya 6. Si lafudhi wanayopima kwanza, wanapima kama unaeleweka na kama unaelewa mambo yakiharibika. Januari 1990 Boeing 707 ya Avianca, safari namba 52 kutoka Kolombia, ilizungushwa angani zaidi ya saa moja ikingojeshwa kutua New York kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Mafuta yalikuwa yanaisha. Wale marubani waliwaambia watu wa minara, yaani waongozaji wa ndege, kwamba mafuta yanawaishia, lakini hawakutamka wazi kwamba wana dharura, lile neno linalofanya kila mtu aache kazi nyingine akupishe. Minarani wakachukulia ni kawaida. Injini zikazima, ndege ikaanguka Long Island, watu 73 kati ya 158 wakafa. Kila nikifundisha mawasiliano nawasimamisha wanafunzi mmoja mmoja waseme maneno ya dharura kwa sauti, na utashangaa wangapi wanaona aibu. Kwa hivyo soma magazeti ya Kiingereza kwa sauti, sikiliza namna watu wanavyotaja namba, zoea kurudia maagizo uliyopewa neno kwa neno. Mtu mwenye Kiingereza kizuri na hesabu C nina mahali pa kuanzia naye.

SWALI: Mimi niko Fomu Thri, Kasarani, ni msichana na navaa miwani tangu darasa la sita. Mjomba anasema mwenye miwani hawezi kuwa rubani na kwamba wasichana hata hawachukuliwi, niache fizikia nifanye biashara. (Mwanafunzi, Kasarani)

JIBU: Usiache fizikia dada yangu. Mjomba anakupenda lakini kwa hili hajui.

Miwani inakubaliwa mradi ukiivaa unaona kwa kiwango kinachotakiwa, na ukiwa unaruka unabeba jozi ya pili ya akiba. Kinachoweza kuleta shida kubwa ni rangi, kuna wale ambao wekundu na kijani vinawachanganya na wengi wao hawajui hadi siku wanapofunguliwa kile kitabu cha vidoti na kuambiwa wasome namba iliyofichwa. Na hapa nataka wazazi wote wasome hata kama wameruka mengine: cheti cha afya cha daraja la kwanza, ile medikali ya rubani wa kazi, ifanywe KABLA ya kulipa karo ya shule, kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, si kliniki yoyote ya mtaa. Macho, masikio, moyo, damu, kila kitu. Nimewahi kukaa na mzazi ambaye ameshalipa pesa nyingi kisha mtoto anarudi na majibu ya rangi, na sikuwa na la kumwambia. Wewe uko Fomu Thri, kipimo cha rangi unaweza kufanya hata likizo hii kwa daktari wa macho wa kawaida, ujue mapema.

Kuhusu wasichana, Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Wa hapa hapa Kenya. Mjomba mwonyeshe hilo jina atafute mwenyewe.

SWALI: Mwalimu, binti yangu amemaliza na A-, tunaishi Rongai. Anataka kwenda kuruka moja kwa moja. Mimi nina pesa za kiasi, si mamilioni ya kumwaga. Wenzangu kazini wanasema asome digrii kwanza. Je akimaliza akose kazi? (Baba, Rongai)

JIBU: Mzee wangu, swali lako ndilo watu wengi wanaogopa kuuliza kwa sababu linaonekana kama unamvunja mtoto moyo. Haumvunji.

Nikuwekee njia ilivyo. Leseni ya kwanza, PPL, ya kuruka bila kulipwa mshahara, inataka awe na miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Ya kazi, CPL, miaka 18 na saa 200, au 150 kama amefuata kozi moja iliyounganishwa mwanzo hadi mwisho. Na ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, ATPL, miaka 21 na saa 1,500. Sasa angalia kati ya 200 na 1,500. Shule inakufikisha 200 na kukuachia cheti, na kampuni nyingi zinataka mtu mwenye saa zaidi ya hizo, kwa hivyo vijana wengi wenye CPL wanazunguka Wilson na logibuku, kile kitabu cha kuandikia saa za kuruka, mkononi wakitafuta mtu wa kuwachukua kama rubani msaidizi kwenye ndege ndogo za Caravan za kwenda Maasai Mara au za mizigo, na wengine wanasomea ualimu wa kuruka ili wapate saa wakifundisha. Wapo wanaopata haraka na wapo wanaosubiri miaka. Hiyo ndiyo hali, na gharama ni ya mamilioni ya shilingi kwa sababu mafuta ya ndege ndogo yanaagizwa nje na vipuri ni dola, kwa hivyo shilingi ikianguka saa moja ya kuruka inapanda.

Kwa binti mwenye A- na pesa za kiasi, mimi ningeenda digrii kwanza au pamoja, na ningechagua digrii inayobaki kwenye ndege. Technical University of Kenya ina uinjinia wa ndege, na pale Embakasi kuna East African School of Aviation wanaofundisha waongozaji wa ndege na mambo mengine ya viwanja. Mwongozaji wa ndege anaajiriwa, anaijua anga kuliko marubani wengi wachanga, na mshahara wake unaweza kumlipia saa za kuruka kidogo kidogo. Sasa unaona kwa nini nilimwambia yule mama wa Umoja kuhusu kemia na Core Maths, mtoto aliyechagua masomo ya kumfikisha kwa rubani tu akikwama kwa pesa au medikali hana pa kugeukia, lakini mwenye hesabu, fizikia, kemia na Kiingereza anageuka na bado yuko uwanjani. Sisemi binti aache ndoto. Nasema isitegemee mguu mmoja.

Kama mkiamua aruke sasa, fanya haya Mzee. Uliza shule ikuonyeshe kibali chake cha KCAA na tarehe kinapoisha. Usilipe pesa yote mara moja, hata wakikupa punguzo, lipa kwa vipande kadiri anavyoruka, shule ikifunga au ndege ikiharibika pesa yako isiwe imekaa kwa watu. Usiulize wana ndege ngapi, uliza ngapi zimeruka wiki hii, tembea mpaka hanga uone ngapi zimefunguliwa injini. Uliza bei ya saa moja ni pamoja na mafuta, mwalimu na ada za kutua au hivyo ni kando. Ongea na wanafunzi wawili nje ya geti, si wale unaoletewa ofisini, uwaulize walianza lini na wana saa ngapi. Mwenye mwaka mzima na saa 30 atakuambia mengi bila wewe kuuliza tena.

Na kabla ya hayo yote, baada ya medikali, mlipie safari moja tu ya utangulizi, dakika thelathini au saa moja, akae kiti cha kushoto na mwalimu kando. Aende mchana, wakati kuna joto na ndege inarukaruka kwa upepo, asiende asubuhi kukiwa kumetulia. Wengine wanashuka wamebadilika rangi na wanasema asante lakini hapana, na umetumia pesa kidogo kujua. Akishuka na maswali, mkae mezani na kile kikaratasi cha bei mpige hesabu pamoja, yeye ashike kalamu.